Maoni ya Kweli ya Msomaji wa Kawaida: Nafasi Yake katika Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya maoni ya msomaji wa kawaida katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba maoni ya kweli, hata yakitolewa kwa sentensi moja isiyo na istilahi, ni ushahidi wa jinsi kazi ya fasihi inavyofanya kazi, na kwamba uhakiki unaoyaficha huishia kuwa orodha ya mbinu. Hata hivyo, maoni hayo si uhakiki hadi yatakapohojiwa. Sentensi tano ambazo msomaji mmoja wa kubuni angeweza kuziandika kuhusu riwaya tano zinachambuliwa, na mwishoni panapendekezwa maswali manne yanayoweza kumsaidia mwanafunzi kuyageuza maoni kuwa uhakiki.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa darasani maoni yake kuhusu riwaya fulani, aghalabu huanza kwa kutaja dhamira, akaendelea kwa wahusika, akamalizia kwa mbinu za lugha. Akiulizwa swali hilohilo na wenzake bwenini, jibu huwa jingine kabisa: ilimchosha, au ilimliza, au yule baba alimkera, au mwisho wake haukumridhisha. Majibu haya mawili hutoka katika kinywa kimoja lakini hayakutani. La kwanza huandikwa kwenye karatasi ya mtihani na kupewa alama; la pili hupotea pamoja na mazungumzo.

Mgawanyiko huu una historia. Tangu Kiswahili kifanywe somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, riwaya ya Kiswahili imepata wasomaji wengi ambao haikuwa nao hapo awali. Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwa kuwa wachapishaji na waandishi wamepata soko. Lakini wasomaji hao wengi walikutana na riwaya kwa mara ya kwanza kama kitabu teule, yaani kitabu cha kujibia maswali. Walifundishwa kueleza muktadha wa dondoo, kutambua tamathali na kujadili sifa za wahusika. Wengine walisoma mwongozo kabla ya riwaya, na baadhi walisoma mwongozo peke yake. Kwa msomaji wa namna hiyo, kitabu hufungwa siku ya mtihani na hakifunguliwi tena.

Swali linalojitokeza ni hili: je, yapo mahali pa maoni ya kweli ya msomaji katika taaluma ya uhakiki, au ni mambo ya bwenini tu? Makala haya yanajibu kwamba yapo, na kwamba bila maoni hayo riwaya ya Kiswahili itaendelea kuwa na watahiniwa wengi na wasomaji wachache.

2.0 Msomaji wa Kawaida ni Nani?

Katika fasihi ya Kiingereza, fikra ya msomaji wa kawaida ilitajwa na Samuel Johnson katika karne ya kumi na nane, naye Virginia Woolf akaifanya kuwa jina la mkusanyiko wake wa tahakiki uliochapishwa mwaka 1925. Kwa wote wawili, msomaji huyu si mtaalamu. Husoma kwa ajili ya kujifurahisha wala hana nia ya kumsahihisha mtu yeyote. Lakini busara yake haikuharibiwa na mazoea ya kitaaluma.

Katika utamaduni wa Waswahili na wa Waafrika kwa jumla, mtu huyu alikuwapo kabla ya kitabu kuwapo. Fanani wa ngano hakuweza kusimulia bila hadhira. Hadhira iliitikia, ikaimba kiitikio, ikacheka, na pale ambapo hadithi ilipwaya, watoto walisinzia au wakaomba hadithi nyingine. Hukumu hiyo ilitolewa papo hapo na fanani aliiona kwa macho yake. Baadaye, magazeti yalipoanza, maoni hayo yalipata uwanja mpya. Katika jarida la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, wasomaji walituma mashairi yao, na utamaduni wa kujibizana kwa mashairi ukaendelea katika magazeti kwa miaka mingi. Mkulima, karani na mwalimu waliweza kumkosoa mshairi mwenye jina kubwa kuhusu vina na mizani, naye akajibu.

Riwaya haikupata bahati hiyo kwa kiwango hicho. Ni utanzu ulioandikwa ili usomwe na mtu akiwa peke yake, na mwandishi wake hasikii kicheko wala mwayo wa msomaji. Kwa hiyo maoni ya msomaji wa riwaya yanahitaji kuandikwa ili yasikike. Yasipoandikwa, kinachobaki ni sauti ya mtahini na ya mhakiki tu.

3.0 Kwa Nini Maoni Yalishukiwa

Wanataaluma wana sababu nzuri za kuyashuku maoni. Mwaka 1929, I. A. Richards alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliwapa wanafunzi mashairi bila majina ya watunzi, akawaomba waandike walivyoyaona. Wengi walisifu mashairi hafifu, wakayadharau yaliyokuwa na sifa, na wengine walijibu kwa kumbukumbu zao wenyewe badala ya kujibu maneno yaliyokuwa mbele yao. Mwaka 1949, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley waliandika kwamba ni kosa kuichanganya kazi ya fasihi na athari yake kwa msomaji, kwani kufanya hivyo ni kufungua mlango wa kila mtu kusema lake.

Wahakiki wa nadharia ya upokezi walilirudia suala hili kwa njia nyingine. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alieleza kwamba kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma hapo awali. Naye Wolfgang Iser, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976, alionyesha kwamba matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza. Kwa mtazamo huu, maoni ya msomaji si uchafu wa kuondolewa juu ya matini. Ni mahali ambapo matini na matarajio vinakutana.

Kuna jambo jingine linalohusu mazingira ya Afrika Mashariki. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ulikua wakati ambapo lugha yenyewe ilikuwa ikipigania heshima katika vyuo vikuu. Kusema hadharani kwamba riwaya fulani ya Kiswahili inachosha kulionekana kama kumpa silaha anayeidharau lugha. Hivyo pakazuka adabu ya kusifu. Lakini wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi asiyeambiwa ukweli hana sababu ya kuandika vizuri zaidi, na msomaji anayesikia kila kitabu kikisifiwa hajui aanze na kipi.

4.0 Sentensi Tano za Msomaji Mmoja

Na ichukuliwe kwamba yuko msomaji mmoja wa kubuni, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye wakati wa likizo amesoma riwaya tano bila kutumwa na mhadhiri. Kila alipomaliza moja aliandika sentensi moja katika daftari lake, bila kumwogopa mtu. Sentensi zake zinafuata hapa, kila moja ikihojiwa ili kuona ina nini ndani yake.

4.1 "Nilimchukia Zakaria, lakini nilimkasirikia Rosa pia."

Sentensi hii inahusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Zakaria ni baba mlevi na mkali anayemlinda binti yake dhidi ya wavulana kwa vitisho na kipigo. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma hana maarifa yoyote ya kujilinda, na uhuru anaoupata unamwangamiza hadi akajiua.

Mtahini angeiona sentensi hii kuwa ya mihemko. Hata hivyo inabeba suala zima la riwaya, nalo ni la nani wa kulaumiwa. Msomaji amegawanyika, na mgawanyiko huo umepangwa na mwandishi mwenyewe. Iwapo Rosa angechorwa kama mhanga mtupu, msomaji angemlilia tu. Iwapo angechorwa kama mwasherati mtupu, angemhukumu tu. Kezilahabi anakataa yote mawili, na mwishoni mwa riwaya anaifikisha kesi ya baba na binti mbele ya Mungu, ambako swali la lawama linaulizwa waziwazi.

Historia ya riwaya hii inathibitisha kwamba hasira ya msomaji si jambo dogo. Ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania baada ya kuchapishwa, kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi na maisha ya wasichana shuleni. Marufuku hiyo nayo ilikuwa maoni ya wasomaji, ila wasomaji wenye mamlaka. Walihisi nguvu ya kitabu na wakaiogopa, lakini hawakujiuliza nguvu hiyo inaelekezwa wapi. Mhakiki anayeanzia katika hasira na kuifuatilia hadi katika matini atagundua kwamba mwandishi anaulaumu ulezi wa kufungia kuliko anavyomlaumu anayefungiwa. Msomaji wa kubuni naye anapaswa kujiuliza kwa nini alimkasirikia Rosa. Huenda jibu likawa katika matini. Huenda pia likawa katika malezi yake mwenyewe. Yote mawili yanafaa kujulikana.

4.2 "Hadithi ni tamu, ila mambo yanakutana kirahisi mno na majina yanafichua kila kitu."

Hapa anazungumzia Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2012 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya. Amani na Imani wanakutana njiani, kila mmoja akiwa na jeraha lake, nao wanaishia Sokomoko chini ya utawala wa Mtemi Nasaba Bora. Mswada wa Amani ulioibwa umekwisha kuchapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi.

Katika mafunzo ya shule, sadfa na majazi huorodheshwa kama mbinu. Mtahiniwa hutaja sadfa tatu, hupata alama tatu, na hakuna anayemuuliza kama sadfa hizo zinaaminika. Msomaji huyu ameliuliza swali ambalo mtihani hauliulizi. Kutaja mbinu si sawa na kuitathmini. Mbinu ikiwapo haimaanishi kwamba imefaulu.

Kipimo kimoja chaweza kusaidia. Sadfa inayowaingiza wahusika matatani hupokelewa kwa urahisi, kwa kuwa maisha nayo huwatumbukiza watu matatani bila taarifa. Sadfa inayowaokoa hutiliwa shaka, kwa kuwa humwondolea mhusika kazi ya kujiokoa. Msomaji akiirudia riwaya na kuzigawa sadfa zake katika mafungu hayo mawili, malalamiko yake yatakuwa hoja. Atalazimika pia kukumbuka kwamba hekaya na ngano, ambazo ni mama wa riwaya ya Kiswahili, zimejaa watu waliopotezana na kukutanishwa na majaaliwa. Siku Njema ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1996, ambamo Kongowea anaondoka Tanga kumtafuta baba yake, inatembea katika njia hiyo ya zamani. Msomaji aliyelelewa na ngano atasamehe. Aliyezoea riwaya za kihalisia hatasamehe. Huo ndio upeo wa matarajio anaouzungumzia Jauss.

Kuhusu majina, usomaji wa pili unamsahihisha msomaji. Jina la Majisifu kweli linafichua: anajisifu kwa kazi isiyo yake. Lakini Nasaba Bora si bora kwa lolote. Jina lake ni kejeli, na kadiri matendo yake yanavyofichuka ndivyo jina linavyozidi kumsuta. Kwa hiyo majina hayafichui kila kitu. Mengine yanasema kweli na mengine yanasema uongo. Maoni ya kwanza yalikuwa ya kweli kwa nusu, na nusu iliyobaki imepatikana kwa kuyahoji.

4.3 "Nimeisoma mara mbili na sijaielewa, nashuku wanaosema wameielewa wanadanganya."

Hakuna sentensi inayohitaji ujasiri zaidi katika ukumbi wa mihadhara kuliko hii. Inahusu Nagona ya Kezilahabi, riwaya fupi ya mwaka 1990 iliyofuatwa na Mzingile mwaka 1991. Msimulizi anasafiri katika mahali pasipopatikana kwenye ramani, matukio hayafuatani kwa mantiki ya kawaida, na mazungumzo yana mafumbo kuliko majibu. Msomaji aliyetoka katika Rosa Mistika hadhani kwamba mwandishi ni yuleyule.

Mwanafunzi mwoga angeandika kwamba riwaya hii ni ya kimajaribio na kwamba inatumia uhalisiajabu, kisha akaishia hapo. Istilahi hizo ni sahihi, lakini zaweza kutumiwa kama blanketi la kufunikia kutoelewa. Aliyesema hakuelewa yuko mbele yake kwa hatua moja, kwa sababu anaweza kuulizwa swali la pili: ni wapi hasa ulipopotea? Je, ni kwa sababu hujui nani anasema? Je, ni kwa sababu wakati hauendi mbele? Je, ni kwa sababu hakuna tukio linalosababisha jingine? Kila jibu ni uchambuzi wa muundo wa riwaya. Kilichompoteza ndicho kinachoitofautisha na riwaya nyingine.

Hapa maarifa ya nje ya matini husaidia. Kezilahabi alikamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, mwaka 1985, na mada yake ilikuwa falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu aliyetumia miaka akifikiria ugumu wa kufasiri, kisha akaandika riwaya isiyofasirika kwa urahisi, hakuteleza. Riwaya inamfanya msomaji aonje suala lenyewe. Lakini maelezo haya hayaifuti haki ya msomaji. Bado anaweza kusema kwamba ameelewa kusudi na kwamba bei aliyotozwa ni kubwa kuliko alichopewa. Maoni hayo yatakuwa ya mtu aliyefika, si ya aliyeishia njiani. Isitoshe, mjadala huo ni wa haki pia kwa riwaya kama Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, iliyotoka mwaka 2002, inayomzungusha msimulizi wake duniani katika safari ya kifumbo. Wako wanaoisifu kwa mawanda yake, na wako wanaohisi kwamba wahusika wake ni fikra zilizovishwa nguo.

4.4 "Hekima nyingi, hadithi kidogo."

Sentensi hii fupi inamhusu Shaaban Robert na Kusadikika yake ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme wa nchi inayoelea angani kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya kuinufaisha nchi, na wote wakaambulia kifungo.

Kwa msomaji wa leo, wajumbe sita wanaopata mwisho uleule wanaweza kuchosha. Anajua tangu wa pili kwamba wa tatu atafungwa. Kwa jina kubwa kama la Shaaban Robert, wanafunzi wengi huona aibu kulisema hilo. Lakini kulisema kunamfungulia msomaji mlango wa swali bora: kwa nini mwandishi hodari arudie jambo moja mara sita? Jibu la kwanza ni la kifani. Hiki ni kisa cha mtu anayesimulia ili aokoe maisha yake, kama ilivyo katika Alfu Lela Ulela, na katika masimulizi ya namna hiyo marudio ndiyo nguzo. Jibu la pili ni la kisheria. Karama yuko mahakamani, na katika mahakama kosa moja huweza kuitwa bahati mbaya, lakini makosa sita ya aina moja ni ushahidi wa desturi ya dhuluma. Jibu la tatu ni la kihistoria. Kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Uingereza, na nchi ya kubuni iliyo angani ilikuwa mahali salama pa kuhoji watawala wanaowafunga watu wenye mawazo.

Baada ya majibu hayo matatu, je, uchovu umekwisha? Huenda haukwisha. Msomaji ana haki ya kusema kwamba anauheshimu mpango wa kitabu na bado angependa wajumbe wale wawe na nyuso. Heshima na uchovu vinaweza kukaa katika moyo mmoja, na uhakiki wa kweli hauoni haya kuvitaja vyote viwili.

4.5 "Nilimaliza kwa usiku mmoja, lakini sina la kuandika."

Riwaya ya mwisho ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, pamoja na mwenzake Najum. Katika vyuo, riwaya za aina hii huwekwa katika fungu la fasihi pendwa, na wanafunzi wengi huelewa kimyakimya kwamba fungu hilo si la kuandikia tasnifu.

Msomaji anayesema hana la kuandika amefundishwa kwamba raha si hoja. Lakini kitabu kilichomnyima usingizi kimefanya kazi ambayo vitabu vinne vya kwanza havikuifanya kwa kiwango hicho. Ni busara kuuliza kilifanyaje. Mwandishi wa upelelezi hutoa habari kwa kipimo: msomaji huona anachokiona mpelelezi, ila hakielewi hadi ameruhusiwa. Najum yuko hapo kuuliza maswali ambayo msomaji angeyauliza. Juu ya hayo, mauaji yanahusishwa na mahali pa mizimu, na Bwana Msa anayafumbua kwa hoja. Chini ya raha ya upelelezi kuna mvutano kati ya imani na akili, mvutano ambao wasomaji wa miaka ile waliuishi. Msomaji alikuwa na mengi ya kuandika. Alichokosa ni ruhusa.

5.0 Kutoka Maoni hadi Uhakiki

Mifano hiyo mitano inaonyesha kwamba maoni ya kweli yanaweza kuhojiwa kwa utaratibu. Maswali manne yanapendekezwa.

Swali la kwanza ni la mahali: ni ukurasa gani, tukio gani au sentensi gani iliyozaa hisia hii? Maoni yasiyoweza kuonyeshwa kidole katika matini yaachwe kwanza.

Swali la pili ni la msomaji: ni kitu gani alichokuja nacho? Dini, malezi, jinsia, vitabu vya awali na hata mwongozo aliousoma vinaweza kuwa vimemchagulia maoni. Kukiri hilo si kuyafuta maoni bali ni kuyapima.

Swali la tatu ni la kazi: je, kilichomkera au kumfurahisha kina kazi gani katika mpango wa riwaya nzima? Marudio ya Kusadikika na giza la Nagona hubadilika sura vikiulizwa swali hili.

Swali la nne ni la usomaji wa pili: je, maoni yamebaki vilevile? Yakibaki, yamethibitika kwa kiasi. Yakibadilika, badiliko lenyewe ndilo uhakiki.

Mhadhiri naye ana wajibu wake. Akitaka maoni ya kweli, hana budi kuyapa nafasi salama. Anaweza kuwaomba wanafunzi waandike sentensi moja kabla ya mhadhara, bila majina, kisha darasa lizichambue kwa maswali haya. Sentensi isemayo riwaya inachosha isiadhibiwe wala isipongezwe; iulizwe maswali. Kwa njia hiyo istilahi za nadharia zitakuja pale zinapohitajika, nazo zitakuwa na kazi ya kufanya.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba maoni ya kila msomaji ni sawa na ya kila mwingine, wala kwamba mhadhiri anyamaze mbele ya hisia. Jaribio la Richards lilionyesha jinsi maoni yanavyoweza kupotoka. Yanachodai ni kwamba maoni yaliyopotoka yakisemwa hunyoshwa, na yaliyofichwa hubaki yalivyo. Mwanafunzi anayeandika kwamba Nagona ni kazi ya kipekee huku moyoni akijua hakuielewa hajaisaidia Nagona, hajamsaidia Kezilahabi, na amejidhulumu mwenyewe.

Riwaya ya Kiswahili ina watahiniwa wa kutosha. Inachohitaji ni watu watakaoifungua baada ya mtihani, wakiwa matatuni, mashambani na madukani, na kuwaambia wenzao kwa ukweli kama inafaa kusomwa. Mtu wa namna hiyo hazaliwi baada ya kuhitimu. Hulelewa darasani, siku anapoulizwa aliionaje riwaya na jibu lake likachukuliwa kwa uzito.

Maswali ya Majadiliano

1. Chagua riwaya moja ya Kiswahili uliyoisoma bila kulazimishwa. Andika maoni yako kwa sentensi moja, kisha uyahoji kwa maswali manne yaliyopendekezwa.

2. "Mbinu ikiwapo haimaanishi kwamba imefaulu." Jadili kauli hii kwa kurejelea matumizi ya sadfa katika riwaya mbili.

3. Je, marufuku dhidi ya kazi ya fasihi ni aina ya upokezi? Eleza kwa kurejelea Rosa Mistika.

4. Linganisha nafasi ya hadhira katika utambaji wa ngano na nafasi ya msomaji katika riwaya andishi.